Mwiko Mkononi, Mwiko Mdomoni

Kama hujawahi kugombana na mpenzi wako huku mmeshika mwiko mmoja, basi hujagombana bado.

Bi Eula Trahan na Mzee Clovis Meaux waligombana hivyo, asubuhi ya tamasha la gambo, ule mchuzi wetu mzito wa kuku na soseji, pale Pointe-Cyprien, katika banda la kanisa, mbele ya sufuria ya chuma ambayo mtoto wa shule angeweza kuogea ndani. Unga ulikuwa umeshaingia kwenye mafuta ya moto. Na kila mtu wa Louisiana ya kusini anajua kwamba unga ukishaingia kwenye mafuta, ruhusa ya kuondoka hakuna. Unakoroga. Unga unatoka rangi ya maziwa, unakuwa wa karanga, unaelekea kwenye chokoleti, na ukigeuka kupiga chafya tu, umeungua na unamwaga yote. Hiyo ndiyo ruu. Gambo bila ruu ni maji ya kuku.

Kwa hiyo Clovis alijua alichokuwa anakifanya. Alichagua mahali ambapo Bi Eula asingeweza kumkimbia.

"Umenitambulishaje kwa padri?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekutambulishaje?"

"Umesema, 'Padri, huyu ni jirani yangu, amejitolea kunisaidia kukoroga.' Jirani!"

"Kwani hatukai mtaa mmoja?"

"Eula, tunalala kitanda kimoja!"

"Shh! Koroga, wewe."

Alikoroga. Nisikufiche, msomaji: watu hawa wawili walikuwa mume na mke. Wiki chache kabla ya hapo walifunga ndoa kanisani, tena kwa padri, ila katika mji wa mbali kidogo ambako hakuna aliyewajua. Bi Eula alivaa gauni la buluu, mashahidi wakawa mtunza kanisa na mkewe, na baada ya hapo wakala kamba wa kukaanga ndani ya gari kama vijana waliotoroka bweni. Tangu siku hiyo Clovis alikuwa anaingia nyumbani kwa mkewe kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mzee mzima aliyepita sabini, ananyata kwenye majani yenye umande kama mwizi wa kuku.

Walikutana baada ya kile kimbunga kilichong'oa mapaa ya nusu ya mji. Clovis alikuwa fundi wa nguzo za umeme aliyekwisha kustaafu, lakini alipoona giza la namna ile alivaa tena mkanda wake akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuangalia nyaya za watu bila malipo. Bi Eula alisimama barazani akamwelekeza kila waya upite wapi, maana alikuwa mwalimu mkuu maisha yake yote na hakuona sababu ya kuacha. Kazi ile ilichukua miezi minne. Umeme wenyewe ulikuwa umewaka siku ya pili.

Sasa hapa ndipo penye mfupa. Bi Eula, ambaye wazazi wa mji mzima walikuwa wanamwamkia kwa woga, alimwogopa mtu mmoja tu duniani, naye ni binti yake Rachelle. Rachelle alimpenda marehemu baba yake, Hewitt, mapenzi ya kufa. Aliposikia tu kwamba kuna mzee anakuja kunywa kahawa kwa mama yake, aliweka uma mezani akasema, "Mama, siku utakayomweka mwanamume mwingine kwenye nyumba ya baba, mimi na wanangu usituhesabu tena." Bi Eula alijua binti huyo hasemi mara mbili. Alimzaa mwenyewe, na ukaidi ule alimpa mwenyewe.

Ajabu ya lugha yetu ni kwamba cha kukorogea ni mwiko, na jambo lisilosemwa nalo ni mwiko. Bi Eula alikuwa nayo yote miwili asubuhi ile, mmoja mkononi, mwingine mdomoni, na sijui upi ulikuwa mzito zaidi.

"Nikianguka hapa sasa hivi nikafa," Clovis aliendelea.

"Usife. Ruu itaungua."

"Sikutanii, Eula. Nikifa, siku ya kunizika utakaa wapi? Kiti cha mbele wanakaa wenye maiti. Jirani anakaa nyuma kule karibu na mlango, amepakata bakuli la saladi ya viazi."

Bi Eula alianza kucheka, akaacha. Alimtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee wa watu hadi kwenye ndevu zake nyeupe, na macho yake, yale macho ya kijivu yaliyomfanya asahau wanafunzi wake wote na majina yao, hayakuwa na mzaha hata kidogo. Alimpenda. Alimpenda mpaka akawa anakasirika akiwa peke yake, kwamba mapenzi ya namna hii yamekuja kumkuta magoti yameshachoka.

"Nitampoteza mwanangu, Clovis."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa kimya hadi leo. Lakini mimi nimepanda nguzo miaka arobaini, na kila nilikopanda nilishuka mchana watu wakiniona. Sijazoea kujificha. Sijui hata kujificha, mbwa wa jirani yako ameshanichoka."

"Sasa unataka nifanye nini? Nipande jukwaani?"

"Fanya unavyotaka. Ila tamasha likiisha leo nikiwa bado jirani, kesho naenda kwa dada yangu, kule Beaumont. Ana chumba, na ana mlango mmoja tu, wa mbele."

"Unanitisha?"

"Nakuaga. Kutisha ni kitu kingine."

Kabla hajajibu, harufu ya karanga iligeuka ikawa ya kahawa. Wote wawili wakainama juu ya sufuria kwa pamoja.

"Sasa!" alisema Clovis.

"Bado."

"Eula, itaungua!"

"Bado, nimekwambia... Sasa!"

Clovis akamwaga beseni zima la vitunguu, seleri na pilipili hoho, sufuria ikanguruma, mvuke ukawafunika nyuso. Ndani ya ule mvuke, ambamo hakuna aliyeweza kuwaona, mkono wa Bi Eula ulitafuta mkono wa mumewe ukaushika. Mvuke ulipoisha, ulikuwa umeshauachia.

Walipopata nafasi ya kupumzika walizunguka viwanja vya tamasha kama kawaida yao, wakiwa wameachiana nafasi ya mtu wa tatu katikati. Walikula soseji za wali zilizotoka mvukeni, wakala maandazi ya sukari hadi Clovis akawa na ndevu nyeupe mara mbili. Watu waliwapungia mikono. "Bi Eula, naona umepata msaidizi!" Naye akajibu bila kupepesa, "Jirani mwema ni bora kuliko ndugu wa mbali." Kila alipolisema neno hilo, Clovis alitazama pembeni.

Kwenye jukwaa la mbao fidla na kodiani zilianza wimbo wa taratibu, wazee wakaanza kushikana viuno.

"Bi Eula," Clovis alisema kwa adabu ya kuumiza, "jirani anaruhusiwa kucheza?"

"Jirani ana magoti mabovu."

"Magoti ya jirani ni yake."

Bi Eula alitamani kucheza. Mwili wake wote ulitamani. Lakini aliona wanawake wa chama cha kanisa wamekaa kwenye viti vya kukunja, macho mbele, vipepeo vya kujipepea mkononi, akasema, "Turudi bandani. Watu wameanza kupanga foleni." Clovis hakubisha, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Mchana foleni ya banda la kanisa ilifika hadi barabarani. Bi Eula alikuwa kwenye sufuria, Clovis mbele mezani, na kwa kuwa ana sauti ya kuita mtu aliye juu ya nguzo, alipewa kipaza sauti cha kutangaza mabakuli. "Bakuli tatu za kuku na soseji! Moja saladi ya viazi ndani! Mwenye nazo aje, hazina miguu!" Watu walicheka. Alikuwa anafanya kazi vizuri kuliko siku zote, kama mtu anayetaka kuacha jina zuri nyuma.

Rachelle alifika akiwa amevaa miwani ya jua. Hakupanga foleni. Alipita moja kwa moja nyuma ya meza.

"Mama. Nasikia huyu amekoroga asubuhi. Nani amempa mwiko wa baba?"

"Mimi. Na si wa baba yako, ni wa parokia. Hata baba yako alikuwa anapangiwa zamu."

"Baba alikoroga hapa miaka yote. Huyu si ametoka upande wa New Orleans? Si ndio wanaotia nyanya kwenye gambo?"

"Nilitubu, binti," alisema Clovis bila kugeuka.

"Sikuongea na wewe, Mzee Clovis."

"Rachelle!" Sauti ya mwalimu mkuu ilitoka, na watu watatu kwenye foleni wakasimama wima bila kujijua. "Kuwa na adabu. Umekula?"

"Sina njaa. Nimekuja kukusalimia tu, wanangu wanapiga mpira, nawafuata." Lakini hakuondoka. Alisimama akiangalia jinsi yule mzee alivyokuwa anajua chumvi iko wapi, vitambaa viko wapi, na jinsi mama yake alivyonyoosha mkono nyuma bila kutazama, na kijiko kikaingia mkononi mwake bila kuombwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, utaamua mwenyewe.

Foleni ilikuwa imebana, Clovis ameletewa kikaratasi chenye oda ndefu ya wapiga muziki. Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu, maandishi yakamgomea. Akageuka, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, na kwa sauti iliyosikika hadi kwenye uwanja wa mpira akauliza:

"Kizee changu, miwani yangu umeiweka wapi?"

Na Bi Eula, amewapa watu mgongo, jasho machoni, akili yote kwenye sufuria, akajibu kama alivyokuwa anajibu kila asubuhi jikoni kwake:

"Iko kichwani kwako, kibabu changu."

Jamani. Kodiani ilinyamaza. Ni lazima uelewe kwamba Pointe-Cyprien mwanamume anaweza kumwita mwanamke yeyote mpenzi, kipenzi, asali, na hakuna atakayegeuza shingo. Muuza petroli anamwita hivyo kila mteja. Lakini kizee changu ni mke. Ni mke wa ndoa, wa kufuliana soksi na kugombania blanketi. Ukimwita hivyo mke wa mwenzio utaokota meno yako chini. Na kibabu changu ndilo jibu lake, halina jingine.

Clovis aligusa kichwa chake. Miwani ilikuwepo kweli. Akaishusha polepole, akakishusha na kipaza sauti, uso umemwiva kama kamba aliyechemshwa.

"Haki ya Mungu, Eula," alisema, "sikukusudia."

Kwenye meza ya kwanza alikuwa amekaa Bi Azema, mwenye miaka tisini na kitu, ambaye alimfundisha kila mwanamke wa mji ule kukoroga. Alimtazama Clovis. Akamtazama Eula. Akachukua mfuniko wa sufuria uliokuwa umewekwa pembeni, akachukua kijiko chake, akapiga. Ngwa!

"Sharivari!" alipiga kelele yule bibi, meno matatu yote nje. "Sharivari, enyi watu! Wameoana hawa!"

Kwetu mgane akioa tena, au mjane akiolewa tena, hapewi kadi wala maua. Anapigiwa masufuria. Majirani wanakuja na kila chenye mlio, wanapiga hadi maharusi wajitokeze pamoja na kuwalisha. Wakiwalisha, ndoa imekubaliwa na mji mzima. Wasipojitokeza, kelele inaendelea, na watu wanasema ndoa gani hiyo inayojificha. Sasa hebu fikiria sharivari inaanzia kwenye tamasha la gambo, mahali ambapo kila mtu ana sufuria, kila mtu ana mwiko. Banda la soseji likapokea. Banda la maandazi likapokea. Mpiga fidla akaacha fidla akapiga ndoo. Mji ukalia kama kiwanda cha mabati.

Rachelle alivua miwani ya jua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni kweli?" Alilazimika kupaza sauti. "Mama, ni kweli?"

Bi Eula aliuona mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi. Angesema, Bi Azema amezeeka, anasikia vibaya. Angesema, ulikuwa utani, huyu ni jirani. Clovis naye aliuona mlango huo, na hakumsaidia wala hakumzuia. Alikunja aproni yake taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Bi Eula aliinua mkono mmoja juu. Nusu ya mji ule aliwafundisha kusoma, masufuria yakanyamaza.

"Ni kweli," alisema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Huyu ni mume wangu. Tumefunga ndoa kanisani. Nimemwita jirani tangu asubuhi, na kila nilipomwita hivyo nimeona aibu. Leo ndiyo mwisho."

Mzee Clovis aliachia aproni ikaanguka.

"Hata miaka minne haijatimia tangu baba afe," Rachelle alisema.

"Ndiyo. Nilimpenda baba yako, nilimuuguza, nilimzika kwa mikono yangu hii. Nilimzika yeye, mwanangu. Mimi sikujizika."

"Nina baba mmoja tu, Mama."

"Na hutapata mwingine," alidakia Clovis kwa upole. "Sikuomba nafasi hiyo, binti. Hewitt ni baba yako, na picha yake iko pale sebuleni, naipangusa vumbi mwenyewe. Mimi nimeomba kuwa mume wa mama yako. Basi."

Rachelle alimgeukia mama yake, na kilichotoka sicho ambacho Bi Eula alikuwa amejiandaa kukisikia kwa wiki zote zile.

"Nani alikushikia maua?"

"Nini?"

"Siku ya harusi! Nani alikushikia maua? Nani alikufunga zipu ya gauni? Unajua mkono wako wa kulia haufiki mgongoni!"

"Mke wa mtunza kanisa," Bi Eula alisema, na sauti ya mwalimu mkuu ikamwishia hapo hapo.

"Mtu baki! Umevalishwa na mtu baki, na mimi nipo!"

"Ulisema usihesabiwe, Rachelle. Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ningekataa, ningelia, ningesema maneno mabaya. Lakini ningekuja, Mama! Hivi wewe, mwalimu mzima, hunijui mimi?"

Miaka yote ile Bi Eula aliwasomea watoto wa watu nyuso zao, na uso wa mtoto wake mwenyewe ulikuwa umempita. Machozi yalimtoka mbele ya parokia nzima, mbele ya wanawake wa chama cha kanisa na vipepeo vyao, na hakuyafuta. "Nilikosea," alisema. "Nilikuogopa wewe kuliko nilivyokuamini. Nisamehe, mwanangu."

Rachelle aligeuka akaondoka. Watu walimpisha. Alitembea hadi kwenye meza ya kwanza, akasimama mbele ya Bi Azema, na kwa muda kidogo hakuna aliyejua anataka nini. Bi Eula alishika ukingo wa meza. Mkono wa Clovis, mchana kweupe, ulikuja ukaushika wake.

Rachelle alimpokonya yule bibi mfuniko. Akampokonya na kijiko. Akarudi nao mpaka mbele ya banda, huku kamasi zinamtoka kama mtoto, akapiga mara moja, kwa hasira, ngwa! Akapiga tena. Kisha akapiga kwa nguvu zote alizonazo, na nyuma yake mji mzima ukadaka.

"Haya, maharusi!" alipiga kelele juu ya zile sauti, akilia, akipiga. "Nina njaa! Mnanilisha, au mnataka nikeshe hapa?"